Kodi ya Mkono

Yule mwenye saluni alikuwa na msonyo ambao mtaa mzima uliujua. Aliutoa polepole, meno yamebana, na ulipoisha aliyekusudiwa alikuwa ameshajijua. Siku barua ya ofisi ya kodi ilipofika aliisoma kimya, akairudia, kisha akasonya kwa urefu hata mteja aliyekuwa kitini, nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama wima, akageuka kuuliza kama kuna aliyefiwa.

"Afiwe nani? Tulia nikusuke," akamwambia. "Humu ndani kuna mtu amefiwa na akili tu, na alishazika zamani."

Aliyesemwa alikuwa pale pale mlangoni, kwenye kiti cha plastiki, amenyoosha miguu kama mwenye jengo. Huyo ndiye mumewe. Watu walimwita Mwenyekiti kwa sababu aliwahi kuongoza kamati ya wafanyakazi katika kiwanda cha uchapaji, na jina lilimganda hata baada ya cheo kwenda na kazi kwenda. Alikuwa mkataji wa karatasi. Mashine aliyoizoea kuliko kitanda chake ikamchukua mkono wa kulia, ukabaki mfupa mfupi chini ya kiwiko, naye akarudi nyumbani na sauti yake yote. Miaka miwili sasa alikuwa akikaa mlangoni akimhutubia kila mwanamke aliyekuja kuoshwa nywele juu ya haki. Wengine walikuja na kichwa kinachowasha, wakaondoka na kichwa kinachouma.

"Soma," mkewe akamtupia barua mapajani.

Mwenyekiti aliisoma midomo ikicheza. Barua haikuwa na maneno mengi. Ilisema kwamba malipo ya kila mwezi anayopokea kutoka bima ya ulemavu ni mapato, kwamba kodi ya mapato hayo haijawahi kulipwa tangu malipo yaanze, kwamba adhabu imeongezwa juu yake, na kwamba alipe kabla ya mwisho wa mwezi. Chini palikuwa na jumla. Mwenye saluni hakuhitaji kuitazama mara ya pili, maana ilikaribiana kabisa na akiba yao yote benki, na akiba hiyo ilikuwa na kazi moja tu duniani: kununua mkono.

Mkono wenyewe ulishapimwa. Fundi wa viungo vya bandia, kule hospitali kuu, alikuwa amechukua vipimo na malipo ya awali. Ulikuwa mkono wa kufanyia kazi, wenye vidole vya chuma vya kufunga na kufungua, si ule wa plastiki wa kuvalia misibani. Wiki iliyofuata walikuwa wamalizie pesa. Na mwenye karakana ya maboksi, mtaa wa pili, alikuwa ameahidi mbele ya mashahidi: njoo na kitu cha kushikia, kesho yake unaanza kazi. Mwenye saluni aliihesabu siku hiyo kwa hamu kuliko mumewe. Aliwaambia watu kwamba anataka mlango wake urudi. Ukweli ni kwamba alimtaka mumewe arudi, yule aliyekuwa akija jioni na vumbi la karatasi kwenye nyusi, amechoka, hana nguvu za kuhutubia mtu.

"Wamekosea," Mwenyekiti akasema, akiikunja barua kwa mkono mmoja juu ya paja. "Hii ni pesa ya mkono wangu. Mkono si mshahara. Mkono si duka. Nimeuza mkono mimi? Nimepata faida?"

"Kweli jamani," mteja akadakia, "mpaka mkono nao unatozwa kodi?"

"Umesikia? Hata dada wa watu anaelewa."

"Anaelewa kwa sababu hajui kitu, kama wewe," mwenye saluni akajibu, na kumvuta mteja nywele kidogo kuliko ilivyohitajika. "Si walikuuliza? Si yule wakala wa bima alikuja mpaka hospitali akakuuliza wakate kodi huko huko au utalipa mwenyewe? Ukamjibu nini?"

Jibu la Mwenyekiti lilikuwa maarufu. Wodi nzima ilicheka siku ile. "Hakuna kukata!" alikuwa amesema, bendeji ikiwa bado na damu. "Nimekatwa vya kutosha!" Wakala naye akacheka, akamwonyesha mahali pa kuweka alama, na Mwenyekiti akaiweka kwa mkono wa kushoto, alama yake ya kwanza kwa mkono huo, imepinda kama imeandikwa na mtoto. Hakuna aliyemwambia kwamba kutokatwa na kutodaiwa ni mambo mawili.

"Mwite mdogo wako," mwenye saluni akasema. "Mwite yule msomi."

* * *

Shemeji alifika jioni, na koti na tai shingoni ingawa benki ilishafungwa. Alikaa dirishani huko benki, akipokea na kutoa pesa za watu, na kwa kuwa pesa zilipita mikononi mwake kutwa nzima aliamini kwamba na elimu yake ilipita humo humo. Ndiye aliyewaambia, tangu mwanzo, kwamba malipo ya ulemavu hayatozwi kodi popote duniani. Kwa ushauri huo alikunywa soda nyingi za pale saluni.

"Kaka, usitishike," alianza, kabla hajaketi. "Hizi barua zinatoka kwenye kompyuta. Mimi naziona kila siku."

"Isome kwanza," mwenye saluni akamwambia.

Aliisoma. Uso ukaanza kumbadilika kuanzia kwenye mashavu. Aliigeuza upande wa pili, ambako hapakuwa na kitu, akakisoma hicho kitu kisichokuwepo kwa muda mrefu.

"Sasa hapa," akasema, "inategemea."

"Inategemea nini? Ulituambia popote duniani."

"Nilisema kwa ujumla, shemeji. Nilizungumza kama ndugu, sikuzungumza kama benki."

"Na huo ujumla uliutoa wapi?"

Ikabidi aseme. Kazini kwao palikuwa na mlinzi aliyegongwa na lori. Mwenye lori alikuwa na bima, mlinzi akashitaki, akalipwa mara moja pesa nzima ya mguu, na hakuna aliyemtoza kodi. Shemeji mwenyewe ndiye aliyemhesabia zile noti.

"Kwa hiyo," mwenye saluni akasema taratibu, "ulichukua mguu wa mtu uliovunjwa na lori barabarani, ukaja kuupimia mkono wa kaka yako uliokatwa kazini."

"Nilidhani viungo ni viungo."

Mwenye saluni akamsonya. Ulikuwa msonyo mfupi, kwa kuwa alimwona hastahili mrefu.

"Basi tufanye hivi," akasema. "Hilo koti ulilovaa lilitoka kwenye akiba ya mkono. Ulisema ni mkopo mpaka mwisho wa mwezi. Ni mwisho wa mwezi gani, shemeji? Leta tupunguze deni."

Shemeji akaitazama saa yake. Kumbe alikuwa na kikao. Alimpigapiga kaka yake begani, bega la upande mzima, akamwambia wako pamoja, na akaingia mitini na koti lake.

"Msimdharau sana," Mwenyekiti akasema baadaye. "Alikuwa na nia njema."

"Nia njema haina vidole," mkewe akajibu.

* * *

Ofisi ya kodi ilikuwa na viti vya chuma vilivyofungwa pamoja ili mtu asihame navyo, na kalamu zilizofungwa kwa uzi ili mtu asizichukue. Mwenye saluni alivitazama akacheka kwa pua. Watu waliokuwa wakichukua pesa za nchi nzima walikuwa wakiogopa kuibiwa kalamu.

Karani aliyewahudumia alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kucha ndefu zilizopakwa rangi kwa ufundi. Mwenye saluni aliona mara moja kwamba rangi ile si ya bei ndogo. Karani alilivuta faili, akasogeza karatasi kwenye kaunta.

"Weka sahihi hapa, kwamba umefika."

Mwenyekiti akaandika kwa kushoto, ulimi nje. Karani akaitazama sahihi, akaitazama nyingine ndani ya faili, akatikisa kichwa.

"Hazilingani. Andika kama hii ya kwenye faili."

"Hiyo niliiandika kwa mkono wa kulia."

"Basi andika kwa kulia."

Mwenyekiti akainua kile kipande cha mkono, shati limekunjwa na kubanwa na pini. Karani akakitazama bila kupepesa.

"Basi utaleta barua kutoka kwa mwajiri, ithibitishe kwamba umebadilisha sahihi."

"Si kubadilisha, mama," mwenye saluni akaingilia. "Ile ya zamani imebaki kiwandani. Ukitaka twende tukaitafute chini ya mashine."

Watu kwenye foleni wakacheka, na mmoja akakohoa ili asionekane amecheka. Karani hakucheka, lakini aliipokea ile sahihi iliyopinda, na kwa sababu alikuwa ameona haya kidogo, akaanza kueleza. Alieleza vizuri, ni lazima isemwe. Alisema jambo lenyewe si gumu. Swali ni moja tu: nani alikuwa akilipa ada ya bima kabla ya ajali? Kama mfanyakazi aliilipa mwenyewe, kutoka kwenye mshahara uliokwisha kutozwa kodi, basi malipo yakija ni yake yote, hakuna anayeyagusa. Pesa ilishatozwa mara moja mlangoni, haitozwi tena ikitoka. Lakini kama ada ililipwa na mwajiri, na mfanyakazi hakuwahi kutozwa kodi juu ya ada hiyo, basi malipo yanahesabiwa kama mshahara, na mshahara una kodi yake.

"Kwa hiyo niambie," karani akauliza, kalamu tayari, "ada alikuwa akilipa nani?"

Na hapo Mwenyekiti akaketi wima. Kifua kikamjaa. Mkewe alikuwa anaijua dalili hiyo, na alitaka kumkanyaga mguu chini ya kaunta, lakini alichelewa.

"Kiwanda!" Mwenyekiti akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa mlinzi. "Ada yote ililipwa na kiwanda. Zamani walikuwa wakitukata sisi. Mimi mwenyewe ndiye niliyesimama nikapigania. Tangu siku hiyo mfanyakazi hakukatwa hata senti!"

Karani akaandika.

"Asante," akasema. "Umemaliza."

Ilimchukua Mwenyekiti muda kuelewa amemaliza nini. Mkewe alielewa papo hapo. Aliikumbuka siku ile ya ushindi, jinsi mumewe alivyoletwa nyumbani juu ya mabega ya watu, wakiimba, na jinsi yeye mwenyewe, mjinga mwenzake, alivyopika na kuwalisha wote.

"Ile ada," akamuuliza karani, sauti chini, "kama wangeendelea kumkata yeye mwenyewe?"

"Tusingemdai hata senti moja."

"Na walikuwa wanakukata kiasi gani kwa mwezi?" akamgeukia mumewe.

Mwenyekiti akataja kwa sauti ambayo haikufika kwa mlinzi.

"Sema vizuri."

Akataja tena. Ilikuwa bei ya kipande cha sabuni ya kufulia. Si mche mzima, kipande. Mwenye saluni hakusonya. Alikuwa mahali pa watu, na zaidi ya hapo hakuona msonyo wa kutosha. Aliuliza kama wanaweza kulipa kidogo kidogo, akaambiwa wanaweza, ila nusu itangulie, na adhabu itaendelea kuzaa juu ya inayobaki, na kuanzia sasa bima itakata kodi kila mwezi kabla pesa haijawafikia. Alipiga hesabu kichwani, akaipiga upya, na mara zote mbili mkono haukuwemo.

* * *

Basi deni lote lililipiwa benki, na dirisha lililokuwa wazi lilikuwa la Shemeji. Mwenye saluni angeweza kusubiri dirisha jingine. Hakusubiri. Aliweka ile karatasi ya kodi mbele yake, akasimama na kumkodolea macho. Shemeji alitoa akiba yote upande mmoja wa kompyuta, akaiingiza upande wa pili, akagonga mhuri. Hakuinua uso hata mara moja.

"Koti limekukaa," mwenye saluni akamwambia, na kuondoka.

Kwa fundi wa viungo alipiga simu tu. Fundi alikuwa mwungwana, akasema vipimo ataviweka, wakipata watarudi, ila malipo ya awali hayarudishwi. Mwenye karakana ya maboksi hakuwa mwungwana kiasi hicho. Kabla jua halijazama alishampa kazi mtu mwingine.

Mwenyekiti alikaa mlangoni kama kawaida, lakini siku hizo hakuhutubia. Wateja wakaanza kuuliza kama anaumwa. Alishika tama kwa mkono aliobaki nao, akitazama barabara, na siku ya tatu au ya nne, mkewe akifagia nywele, akasema:

"Jumamosi ni mkutano wa bima kiwandani."

"Wewe unakuhusu nini?"

"Kila mwaka, mkataba ukiisha, watu wanaulizwa nani alipe ada, wao au kiwanda. Wananyoosha mikono. Nitakwenda kuwaambia wakubali kukatwa."

Mkewe akasimamisha ufagio.

"Wewe? Uliyeimbiwa?"

"Nitawaambia nilikosea."

Miaka yote ya ndoa hakuwahi kulisikia neno hilo likitoka mdomoni mwa mtu huyu. Alikosea mbele ya macho yake mara nyingi, tena sana, lakini kusema, hapana. Hakumwamini.

"Nitakuja," akasema. "Lazima nione kwa macho yangu."

* * *

Mkutano ulifanyika kwenye ghala, watu wamekaa juu ya marobota ya karatasi. Mwenye saluni alisimama karibu na mlango na mkoba wake. Aliwaona wale wale waliombeba mumewe mabegani, wamenenepa kidogo, na akawaona wakimwona yeye na kutazama pembeni. Tangu ajali wengi wao hawakuwahi kufika hata kunyoa.

Meneja utumishi, mtu mwenye tabasamu lisilochoka, alimpokea Mwenyekiti kwa shingo upande. Alidhani amekuja kuomba. Lakini aliponong'onezwa amekuja kusema nini, tabasamu lilipanuka hadi masikioni. Wafanyakazi wakikubali kukatwa, kiwanda kinapumzika kulipa. Nani asingefurahi? Akaita kiti. Si benchi, kiti chenye mto, kutoka ofisini kwake. Kisha, kwa kuzidisha, akaagiza soda baridi.

Soda ndiyo iliyommaliza. Wafanyakazi wote waliiona ikiletwa kwenye sinia. Wakamwona Mwenyekiti ameibana katikati ya mapaja, anahangaika na kizibo kwa mkono mmoja, na wakamwona meneja anainama, mwenyewe, kwa mikono yake miwili mizuri, kumfungulia. Mnong'ono ukapita juu ya marobota. Mwenye saluni alitamani kwenda kuimwaga.

Mwenyekiti akasimama. Kwa mara ya kwanza hakuanza na "ndugu zangu wapambanaji".

"Mnanijua," akasema. "Mimi ndiye niliyewaambia tusikubali kukatwa ada. Nilikosea. Kiwanda kikilipa, ukiumia, ofisi ya kodi inasema pesa hiyo ni mshahara, wanakutoza. Ukilipa mwenyewe hawakutozi. Mimi wamenitoza. Nilikuwa nimeweka akiba ya mkono, yote imekwenda. Ni kipande cha sabuni kwa mwezi. Lipeni wenyewe. Ni hayo tu."

Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na mkewe, ambaye alikuja kumcheka, alisahau kucheka.

Kisha sauti ikatoka nyuma:

"Amekulipa ngapi?"

"Soda moja!" mwingine akajibu, na ghala likaangua kicheko.

"Ulitutoa kwenye kukatwa, leo unaturudisha! Wamekununua, mzee!"

"Mimi sina mpango wa kukatika mkono," akasema jamaa mnene aliyeketi mbele, yule yule aliyekula kuliko wote siku ya sherehe. "Kila mtu na bahati yake."

Meneja akanyoosha viganja kuomba utulivu, akafurahi kidogo na kuhuzunika kidogo, akaita kura. Wanaotaka kiwanda kiendelee kulipa. Mikono ikasimama ghala zima. Wanaotaka kukatwa wenyewe.

Mwenyekiti akainua wake. Aliinua ule wa kulia. Labda alisahau, labda ni mazoea ya miaka ya mikutano, lakini kipande kile kilipanda hewani na pini yake.

"Huyo si mfanyakazi," jamaa mnene akasema. "Halafu huo si mkono!"

Walicheka hata wale waliokuwa wakijizuia. Na ndani ya kicheko hicho, huko pembeni, mkono mwingine ukainuka. Ulikuwa wa mtu mzima mwenye mvi kidogo ndevuni, na vumbi la karatasi kwenye nyusi. Alikuwa mkataji mpya, aliyepewa mashine ya Mwenyekiti. Hakumtazama mtu. Aliushikilia juu mpaka meneja akauhesabu.

"Mmoja," meneja akasema.

Hapo ndipo mwenye saluni aliposonya msonyo wake. Aliutoa wote, wa miaka miwili, kuanzia kwa jamaa mnene, ukapita kwa meneja na sinia lake, ukazunguka marobota yote na kila makalio yaliyoyakalia, na haukuwa na haraka. Kicheko kilikatika. Watu wazima wakaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Twende," akamwambia mumewe. "Acha soda yao."

* * *

Mkataji mpya aliwakuta getini, amekimbia kidogo.

"Mzee," akasema, "pole. Hawana adabu."

"Wewe umeelewa alichosema?" mwenye saluni akamuuliza. Alikuwa ameshamsamehe kwa kuwa mmoja wao.

"Mambo ya kodi sijayaelewa sana, mama."

"Sasa mbona umenyoosha?"

Mkataji akajifuta viganja kwenye ovaroli, kwanza kimoja, kisha kingine.

"Kinga ya kisu bado hawajaifunga," akasema. "Mashine iko wazi vile vile. Nikienda kuuliza, meneja ananiambia muulizeni Mwenyekiti wenu wa zamani. Anasema mwaka ule pesa ilitosha jambo moja, akawaambia mchague: kinga kwenye mashine, au kiwanda kiwalipie ada. Mkachagua ada. Mimi nikasema ananitania tu. Au si kweli, mzee?"

Mwenye saluni akamgeukia mumewe. Alingoja akanushe. Mtu huyu alikuwa na jibu la kila kitu. Aliwahi kubishana na mhubiri, na daktari, na mvua.

Mwenyekiti alikuwa akitazama lami.

"Kinga isingeonekana kwenye karatasi ya mshahara," akasema. "Watu walitaka kitu wakione."

Mkataji akaitikia kwa kichwa kama aliyeelezwa njia ya mahali asikotaka kwenda, akaaga, akarudi ndani, maana kazi ya Jumamosi ilikuwa haijaisha.

Mwenye saluni alibana meno. Midomo ilijipanga yenyewe, kama ilivyozoea, na hewa ilikuwa tayari kifuani. Akangoja. Msonyo haukuja. Huko ndani mashine iliwashwa, na kisu kikashuka kwenye robota la kwanza, na mumewe akashtuka bega zima. Ndipo alipomshika, si mkononi, maana upande aliosimama hapakuwa na mkono, akamshika lile shati lililokunjwa, na wakasimama hivyo getini kisu kikishuka na kupanda, wote wawili wakikisikiliza.